Watu 543,441 wa Pemba na mmoja anayebaki kila mara

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, iliwakuta Pemba watu 543,441. Wenye mipango ya maji na skuli wana kazi zao na namba hiyo. Sisi wa hisabati tunauliza jengine: inagawika kwa ngapi?

Pemba ina mikoa miwili na wilaya nne. Wagawe watu hao sawasawa kwa mikoa, anabaki mmoja. Kwa wilaya, anabaki mmoja. Makundi matano, manane, kumi, hata kumi na sita, bado mmoja yuko pembeni. Mtoe yeye uone: 543,440 ni 16 × 5 × 6,793.

Namba yetu basi ni witiri (ndiyo, neno lilelile la sala ya witiri), na mbili haina nafasi. Tatu je? Jumlisha tarakimu: 5+4+3+4+4+1 ni 21, na 21 inagawika kwa tatu, kwa hiyo namba nzima inagawika. Hila hii wanafunzi wengi wanaijua. Kwa nini haikosei, hawaambiwi. Kumi ni 9 na moja, mia ni 99 na moja, elfu ni 999 na moja. Tatu inazimeza hizo tisa zote, na kinachosalia ni tarakimu yenyewe, popote ilipokaa.

Gawa kwa tatu upate 181,147. Hapo ndipo jasho linapotoka. Tano haiingii, saba inaacha moja, na namba tasa (zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zote zinazofuata hadi 73 zinagoma. Kisha 79 inaingia bila baki: 79 × 2,293. Nayo 2,293 ni tasa; kulithibitisha inatosha kujaribu namba tasa mpaka 47, maana kipeuo chake cha pili hakifiki 48.

Kwa hiyo 543,441 = 3 × 79 × 2,293. Ungekuwa na komwe idadi hiyo ukataka kuzipanga mstatili, ungepata safu 3, 79 au 237, au mstari mmoja mrefu. Mraba haupatikani: 737 × 737 ni 543,169, na komwe 272 zinabaki mkononi.

Kuzidisha 79 kwa 2,293 ni kazi ya dakika moja. Kurudi kinyumenyume kutoka 181,147 kumetutoa majaribio ishirini. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mfumo wao wa kuficha siri mwaka 1977, na leo namba zinazotumika humo zina tarakimu zaidi ya mia sita.

Sasa chukua mtoto mmoja aliyezaliwa Wete siku ya pili yake, tufike 543,442. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, kwa hiyo 3, 79 na 2,293 zote zimetoka kwa mpigo. Mikoa miwili inagawana sawa. Wilaya nne bado: safari hii wanabaki wawili.