Ua la shaba ni mmea gani hasa?

Viungani mwa Lubumbashi, karibu na mashimo ya zamani ya migodi, kuna mahali ambapo miti ya miombo hukoma ghafla, zikabaki nyasi fupi. Huko ndiko huota ua la shaba, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense.

Neno la kwanza la jina hilo ni jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu. La pili huonyesha spishi, na hapa linataja Katanga, eneo la kusini mwa Kongo uliko mji wa Lubumbashi. Jenasi yenyewe imo katika familia ya Lamiaceae, ukoo wa mrehani na mnanaa: shina lina pembe nne, majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Zamani mmea huu ulihesabiwa katika jenasi Acrocephalus. Mwaka 1959 Paul Duvigneaud wa Ubelgiji na mwenzake Plancke waliunda jenasi mpya na kuipa jina la mwanabotania Lucien Hauman.

Si mti wala kichaka. Huota wakati wa mvua, huchanua, hukauka, mbegu zikangoja mwaka mwingine.

Ajabu yake iko kwenye udongo. Udongo wa kawaida huwa na miligramu makumi machache tu za shaba kwa kilo. Kwenye vilima vya mukuba, yaani shaba, huweza kupita 10,000. Mahindi yakipandwa pale, mizizi hudumaa na majani hugeuka manjano. Vipimo vya kwanza vilionyesha majani ya ua hili yamejaa shaba kupita kiasi, lakini baadaye ilibainika kwamba sehemu ya shaba hiyo ilikuwa vumbi lililoyagandia. Kwa hiyo tuseme linastahimili shaba, tusiseme linaila.

Wanaakiolojia wamelitumia kutafutia tanuru ambamo wazee wetu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Udongo wa pale bado una mukuba, nalo ua bado linaota juu yake.

Kwa kuwa hupenda udongo uliovurugwa, ua hili huweza kuota hata penye mabaki ya mgodi. Jirani zake wengi hawana bahati hiyo. Takriban spishi 30 hazijulikani kwingine kokote isipokuwa kwenye vilima vya shaba na kobalti vya Katanga, na baadhi yake huota kwenye vilima vichache mno. Mbegu za hizo lazima zikusanywe kabla tingatinga halijapanda kilimani, tena pamoja na udongo wake.