Mawazo hayakomi, wala hayatakiwi kukoma

Wiki hii tena, kwenye kikundi ninachofundisha kutulia kwa kufuata pumzi, nimeletewa malalamiko yaleyale: "Nilikaa, nikafuata pumzi, mawazo ya kodi ya nyumba yakanijaa. Hili zoezi si la watu kama mimi." Nani aliwaambia kwamba kutulia ni kuwa na akili tupu? Akili tupu ni ya maiti.

Tuelewane. Umekaa, unafuata pumzi, mara uko sokoni unabishana na muuza mkaa. Ukishtuka kwamba umeondoka, zoezi linafanyika hapohapo. Unarudi bila kujigombeza. Utaondoka tena, utarudi tena. Aliyerudi mara nyingi amefanya kazi kubwa, na huyo ndiye anayenijia akisema ameshindwa! Inaniuma, kwa sababu wengi huacha wakiwa wameshaanza kuweza.

Na kuridhika na maisha, ambako wengi hukutafuta kwenye zoezi hili, kunaingia wapi? Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250, waliokuwa wakiulizwa ghafla kwa simu: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine, na furaha ilikuwa pungufu. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi kuliko pale akili ilipokuwa kwenye kazi iliyo mkononi.

Kurudisha akili kwenye kilicho mkononi hufundishwa pia kwenye programu ya majuma 8 ya kutulia aliyoianzisha mwalimu Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa zoezi la kula zabibu kavu polepole. Mimi natumia karanga za kukaanga. Ishike, tazama ngozi yake ilivyochubuka, inuse. Iweke ulimini usitafune. Mate yanajaa. Uma mara moja: chumvi kwanza, kisha mafuta, utamu unachelewa. Karanga ni ileile uliyozoea kuibugia kwenye daladala, ila leo umeila kweli.

Wanaoniuliza kama kuridhika kunadai kuacha kazi, kuuza vitu na kuhamia shamba, sina la kuwaambia. Ukitaka, nenda. Lakini waajiri wanaoniita niwafundishe wafanyakazi kuridhika huku mishahara imecheleweshwa, jibu langu ni moja: walipeni kwanza.

Nina mashaka yangu pia. Tathmini ya majaribio 47 iliyotoka mwaka 2014 kwenye jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine ilikuta ushahidi wa wastani kwamba mazoezi haya hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haikukuta kwamba yanazidi dawa au mazoezi ya mwili. Hata kwenye kikundi changu, sijui nafuu ninayoiona inatokana na pumzi kiasi gani, na kiasi gani inatokana na kukaa na watu wanaokusikiliza bila kukukatiza.

Tena, aliyepitia ukatili au ajali mbaya anaweza kuzidiwa akifumba macho. Kama ni wewe, yaache wazi, kanyaga sakafu uisikie, sikiliza sauti za nje. Moyo ukianza kwenda mbio, acha, na umtafute mshauri kabla ya kujaribu tena.