Nyumba Moja, Mifuko Mingapi?

Dhana: Kaya ni mfuko mmoja, kinachoingia ni cha wote.

Hata wanauchumi waliishi na dhana hii kwa muda mrefu. Gary Becker, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1992, aliichambua familia kana kwamba inaongozwa na mkuu mmoja anayewajali wenzake, ambaye maamuzi yake yanatosha kuieleza nyumba nzima. Mashambani mambo yalionekana tofauti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, mwanauchumi Christopher Udry alionyesha kuwa nchini Burkina Faso mashamba yaliyosimamiwa na wanawake yalitoa mavuno pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko ya wanaume wa kaya hiyohiyo, kwa zao lilelile na msimu uleule. Wanawake hawakuwa wavivu: samadi na vibarua vilielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya waume, ambako samadi ya ziada iliongeza mavuno kidogo tu, ilhali shamba la mke lililo jirani lilikosa. Kugawana pembejeo hizo vizuri zaidi kungeongeza mavuno ya nyumba nzima, na kama kweli mfuko ungekuwa mmoja, hakuna ambaye angevumilia hasara hiyo.

Dhana: Si hoja fedha imepitia kwa nani, mradi imefika nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uingereza iliondoa nafuu ya kodi ya watoto, ambayo kwa kawaida iliongeza mshahara wa baba, ikaanza kumlipa mama posho moja kwa moja. Matumizi ya nguo za wanawake na watoto yakapanda yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Afrika Kusini nako, mwanauchumi Esther Duflo alikuta kuwa pensheni ya bibi iliboresha afya ya wajukuu wa kike, ila ya babu haikuonyesha matokeo hayo. Haifai kuhitimisha kwamba wanaume ni wabadhirifu kwa asili. Anayeshika fedha ndiye mwenye sauti pale matumizi yanapojadiliwa, na vipaumbele vya watu wawili havilingani hata wakipendana.

Dhana: Mama wa nyumbani hana mchango katika mali.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Jambo linalosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alifuja fedha alizopewa na mumewe. Sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 nayo inautambua mchango usio wa fedha, lakini anayetarajia nusu kwa nusu bila ushahidi atakwama: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2023 kwamba kila mmoja huthibitisha mchango wake.