Miwani ya uhalisia pepe haipofushi

"Rudi nyuma, utaharibu macho!" Onyo hilo la enzi za televisheni sasa limehamia kwenye miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayoziba macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta: eti skrini ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye mboni, mtu atapofuka. Si kweli.

Hofu hiyo ya televisheni ilipata nguvu Marekani mwaka 1967, General Electric ilipotangaza kwamba baadhi ya televisheni zake za rangi zilitoa miale ya eksirei kupita kiwango. Hitilafu ikarekebishwa, hofu ikabaki.

Isitoshe, ndani ya miwani hii kuna lenzi zinazopinda mwanga, hivyo jicho hulenga kana kwamba linatazama kitu kilicho mita moja au mbili mbele. Usumbufu halisi unaanzia hapo. Lenzi ya jicho hubaki imelenga umbali uleule, huku macho yote mawili yakigeukia ndani kumfuata, tuseme, samaki wa kwenye picha anayekuja hadi usoni. Kazi hizo mbili kwa kawaida huenda pamoja. Zikitenganishwa kwa muda mrefu, macho huchoka na kichwa huuma. Tena tukikodolea skrini tunapepesa mara chache, ndiyo maana macho hukauka.

Kichefuchefu nacho si dalili ya macho kuharibika. Macho yanaona unakimbia. Sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema umekaa. Kwa wengi hutulia baada ya kuvua miwani na kupumzika.

Binafsi ningehofia zaidi meza ya kioo sebuleni, maana aliyezibwa macho haioni.