Anayejiita askari kanzu: sheria ya Kenya na wajibu wako

Malalamiko kuhusu watu wanaojiita askari kanzu na kuwapora raia hayaishi. Linalosikitisha ni kwamba baadhi ya kesi huanguka kortini kwa makosa yanayoepukika.

Shtaka la kawaida liko katika kifungu cha 105 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Upande wa mashtaka huthibitisha mambo mawili: kwamba mshtakiwa alidai kwa uongo kuwa mtumishi wa umma, na kwamba alitenda jambo kwa jina la kazi hiyo. Anayejigamba baani kuwa yeye ni inspekta bado hajafikia kifungu hiki. Akimwamuru mhudumu atoe kitambulisho na kumpekua mifuko, amefikia, hata asipochukua shilingi moja. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 3. Jaribio lisilokamilika hubeba nusu yake. Askari aliyefukuzwa kazi naye hushtakiwa vivyo hivyo. Kuwahi kuvaa sare si kibali cha kukamata watu.

Lakini tafadhali, tusirudie maneno ya wanaosema "ni miaka mitatu tu." Wawili wakiingia na pingu na kukunyang'anya simu kwa vitisho, kuna kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu. Kule inatosha mwizi kuwa na mwenzake, au silaha ya hatari, au kumjeruhi mtu. Adhabu iliyoandikwa ni kifo.

Dhana nyingine, tunayoisahihisha kila mara bila mafanikio, ni kwamba asiye na sare hawezi kukukamata. Anaweza. Aliye na sare anatakiwa na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi aonyeshe jina au nambari yake ya kazi. Asiye na sare mwombe kitambulisho cha kazi, ukisome: jina, nambari, kituo. Kupepewa kadi kwa sekunde moja si kuonyeshwa. Uliza unakamatwa kwa nini. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa mara moja kwa lugha unayoielewa. Usipigane wala usikimbie. Sema uko tayari kwenda kituo cha karibu, na mpigie mtu umtajie kituo hicho. Askari halali hukupeleka kituoni, jina lako likaandikwa katika OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Tapeli hukuzungusha garini akitafuta ATM. Dhamana ya polisi isiyo ya fedha hailipiwi, na ile ya fedha ina risiti. Pesa za M-Pesa kwa nambari ya mtu binafsi si dhamana.

Ukishatapeliwa, ripoti siku hiyohiyo na uondoke na nambari ya OB. Usifute ujumbe wa M-Pesa wala usibadilishe simu: picha ya skrini iliyosambazwa kwa WhatsApp huzua maswali mengi kuhusu cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Pia usitafute picha ya mshukiwa mitandaoni. Ukiiona kabla ya gwaride la utambuzi, ambapo mshukiwa hupangwa na watu wengine ili umtambue, wakili wake atasema ulitambua picha, si mtu, na hoja hiyo mara nyingi husikizwa. Na ukikubali kurudishiwa pesa kimyakimya, upande wa mashtaka unabaki bila shahidi.

Ikibainika aliyekutoza ni askari wa kweli, kosa hili halimhusu. Hilo ni la IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, nambari 1559, bila malipo.