Mtoki usioisha: tezi zilizovimba kwa mwenye VVU

Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba: shingoni, kwapani au kwenye kinena. Kidonda cha mguu kinatosha kuuleta, na kidonda kikipona nao unapungua. Kwa mwenye VVU haiwi rahisi hivyo, kwa kuwa virusi vyenyewe hujificha ndani ya tezi. Zinaweza kuvimba kidogo pande zote mbili, zikakaa zaidi ya miezi 3 bila kuuma, na usipatikane ugonjwa mwingine wowote.

Inayotia shaka ni ile iliyokua kuliko wenzake, ngumu, isiyosogea ukiisukuma kwa kidole, au iliyoota juu ya mtulinga. Homa, jasho la kulowesha shuka na nguo kupwaya huzidisha shaka hiyo.

Hapa Kisumu daktari huwaza TB kwanza, na ana haki. Mama anayeuza omena Kibuye anaweza kufunika donge la shingo kwa leso mwezi mzima asikohoe hata mara moja, na bado ikawa TB. Sindano nyembamba huvuta majimaji, wakati mwingine usaha mzito kama maziwa yaliyoganda, yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. (Aliyeanza ARV majuzi tezi zikamvimba ghafla asiache dawa, huenda kinga ndiyo imeamka na kuanza kupambana na TB iliyokuwa imejificha. Arudi kliniki.)

Tatizo huja sindano isipoona kitu. Wengi huanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, na kwa mgonjwa aliye hoi silaumu. Lakini miezi 2 ikipita na donge linazidi kukua, ni lazima kuuliza upya. Sindano huleta seli chache tu. Ni sawa na kumpa fundi matofali matatu na kumtaka akuchoree nyumba nzima. Saratani ya tezi, yaani limfoma, hutambulika vizuri kwa mpangilio wa tezi yenyewe. Vivyo hivyo ugonjwa wa Castleman, ambao kwa wenye VVU huletwa na kirusi HHV-8, kilekile cha saratani ya Kaposi. Huu unaiga TB vibaya sana: homa inayokuja na kuondoka, bandama kuvimba, damu kupungua. Na unaweza kumpata hata mtu ambaye ARV zimeshadhibiti virusi vyake.

Hapo ndipo hukatwa kipande cha tezi, na ikiwezekana tezi hutolewa nzima. Ya shingoni mara nyingi hutolewa kwa ganzi ya mahali pale tu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sehemu moja hutiwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi isioze, ili ikasomwe kwa hadubini. Nyingine, ya kuoteshwa TB maabara, hutiwa kwenye maji safi ya chumvi, kwa sababu formalini huua vijidudu na hakuna kitakachoota. Nimeona chupa moja ikibeba vyote viwili, na mgonjwa akakatwa mara ya pili.