Msalaba wa Jiwe Haupigwi Picha Alfajiri

"Kaka, mchana jua baya, piga asubuhi au jioni." Nimeshaambiwa hivyo na wapiga picha wa harusi, na wa watalii, hata na watu waliosomea kazi hii. Safari hii nimeambiwa na kijana ninayempenda kwa bidii yake, na nimeona nisinyamaze tena.

Mwezi wa tisa, siku zile usiku na mchana vinapolingana, aliondoka Dublin gizani akaenda Monasterboice, monasteri ya kale katika kaunti ya Louth, Ayalandi. Akatega tripodi mbele ya Msalaba wa Muiredach, msalaba mkubwa wa jiwe uliojaa nakshi, uso wa mashariki, akangoja jua lichomoze. Picha alizoniletea zina rangi ya asali, lakini nakshi zimelala bapa. Hukumu ya Mwisho, ule umati uliochongwa katikati ya duara, imekuwa kama upele juu ya jiwe. Adamu na Hawa huwatambui mpaka uambiwe walipo.

Misalaba mikubwa ya Kikelti kama huu, yaani ya Wakristo wa kale wa Ayalandi, ina nyuso mbili pana, mmoja unatazama mashariki na mwingine magharibi. Jua la alfajiri katika majira yale huchomoza mashariki hasa, kwa hiyo linaupiga uso ule kifuani, na mwanga unaopiga kifuani haubakizi kivuli. Jiwe zima lina rangi moja. Kinachomtenga Hawa na mti wake ni kivuli, basi.

Kanuni ya "asubuhi na jioni" tumeibeba kutoka nyumbani, na nyumbani ina haki yake. Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, hata mwezi wa sita. Mwezi wa kumi linakaa utosini, na macho ya bibi harusi yanageuka mashimo mawili. Monasterboice, nyuzi hizo 60 ndizo kilele cha mwaka mzima: jua lao la juu kabisa ni sawa na letu la chini kabisa. Desemba linaishia nyuzi 13. Tena adhuhuri linakuwa kusini, yaani ubavuni mwa msalaba, likipita sambamba na nyuso zote mbili. Huo ndio mwanga wenyewe, na watu wanakuwa wameshafunga mabegi wakaenda kunywa chai!

Sasa hapa naomba subira, maana ndipo wengi wanaponikatiza. Ninaposema adhuhuri sisemi saa sita ya saa ya mkononi. Monasterboice iko magharibi ya Greenwich, pale London saa zinapoanzia kuhesabiwa, kwa zaidi ya nyuzi 6 za ramani, na majira ya joto saa za Ayalandi zinasogezwa mbele, hivyo mwezi wa sita jua linafika kusini hasa kwenye saa saba na dakika 25. Kabla ya hapo uso wa mashariki una mwanga. Baada ya hapo unaingia kivulini, zamu inakuwa ya magharibi. Saa moja kabla, mwanga unaukwaruza uso kwa pembe ya nyuzi kama 14. Saa mbili kabla, kama 27. Pembe hizo hazibadiliki sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni mwelekeo: kiangazi mwanga unateremka kutoka juu, kipupwe unakuja ubavuni, na hapo kila jiwe la kaburi lililo upande wa kusini linarusha kivuli chake juu ya tako la msalaba.

Na pembe ipi? Tafadhali msiniulize namba moja. Wachongaji wa Muiredach walichimba sana, watu wao wamejitokeza mno, kwa hiyo kwenye nyuzi 14 kichwa cha mmoja kinameza uso wa jirani yake. Pale nangoja 25 au zaidi. Yale maandishi ya chini upande wa magharibi, yanayoomba sala kwa ajili ya Muiredach aliyeufanyiza msalaba, hayana kina, na nayataka kwa nyuzi 10 au pungufu. Nenda Moone, kaunti ya Kildare, mambo yanageuka tena. Msalaba ule ni wa graniti, na mitume 12 wamepangwa kama visanduku vyenye vichwa. Mwanga ukilala sana, kila punje ya graniti inatoa kivuli chake na unarudi nyumbani na picha ya msasa. Inua mwanga hadi 40.

Chaki, unga, maji: usipake chochote. Likeni nayo, ule ukoga mkavu unaoota juu ya jiwe, usiisugue, kwa sababu inabanduka na ngozi ya jiwe lililosimama mvuani zaidi ya miaka 1,000.

Siku ya mawingu, na Ayalandi hizo ni nyingi, weka flashi pembeni, mbali na kamera. Kamera iwe kwenye ISO 100, f/11, 1/200. Flashi usiisogeze karibu, msalaba una zaidi ya mita 5, ukiiweka hatua mbili kutoka kwenye tako, kichwa kitabaki gizani. Clonmacnoise, monasteri nyingine ya kale ya Ayalandi, misalaba halisi iko ndani ya jengo na iliyo uwanjani ni nakala, basi andika kwenye faili umepiga upi.

Kuna jambo linaloninyima raha. Niliwahi kupiga paneli ya chini ya uso wa magharibi, wale askari waliomshika Kristo, nikaona kitu mkononi mwa mmoja wao, wazi kabisa. Kesho yake nikaweka flashi upande wa pili. Kile kitu hakikuwepo; ulikuwa ufa na likeni vimekutana. Tangu hapo napiga kila paneli mara mbili, mwanga wa kushoto na wa kulia, na mara nyingi picha hizo mbili hazikubaliani. Wanaoniomba picha wanataka moja. Nawapa ile yenye kivuli kizuri, nikijua kwamba mimi ndiye niliyewaamulia mchongaji alichonga nini. Siku hizi nawapelekea zote mbili hata wasipoomba.

Kijana nimemwambia arudi mwezi wa pili. Jua litafika kusini kama saa saba kasoro dakika 20, kwa hiyo awe pale saa nne na nusu, na dira mfukoni.